Kapeti ambayo Fundi Brashi hakutaka kuiosha

Saa moja na robo asubuhi, jua likianza kugusa ukuta wa uani, Fundi Brashi anapiga magoti kando ya gari ambalo si lake na kuingiza kichwa kati ya kiti cha mbele na cha nyuma. Ananusa. Anatoa kichwa, anawaza kidogo, anakirudisha na kunusa tena.

"Maziwa," anasema. "Na si ya jana."

Mwenye gari, mwalimu wa shule ya msingi aliyesimama kando na funguo mkononi, anatazama chini kwa aibu. Anakiri kwamba mwanawe alimwaga chupa nzima wiki mbili zilizopita. Yeye akafuta kwa kitambaa, akapuliza manukato, akadhani mambo yamekwisha.

"Manukato juu ya maziwa, mwalimu! Sasa una maziwa yaliyovaa kwenda harusini. Haya, niachie. Jumatatu uje kulichukua."

"Jumatatu? Si kapeti tu, fundi?"

"Ukitaka la leo, nenda kule barabarani, dakika kumi wanakupa gari linang'aa. Ukitaka lisinuke, ni Jumatatu."

Mwalimu anacheka, anakabidhi funguo, anaondoka kwa miguu. Fundi Brashi anasogea kwenye bomba la nje, anajaza ndoo nusu, anafunga. Anapiga hatua mbili, kisha anarudi na kulikaza tena bomba lile lile, ingawa halidondoshi hata tone. Mtu akikaa naye asubuhi moja atamwona akifanya hivyo mara saba au nane.

Ana miaka hamsini na mitatu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa dereva wa kampuni moja iliyofunga milango bila kuaga mtu, na kilichombakia ni gari dogo jeupe alilonunua kwa mafao yake na ujuzi wa kuweka gari safi. Akaanza na magari ya majirani, hapa hapa uani kwake, kwenye sakafu ya saruji yenye mteremko kuelekea mfereji. Sasa huhudumia magari matatu au manne kwa wiki, na msimu wa mvua hufika sita. Gari moja, anasema, ni chakula cha nyumbani cha siku tatu, "wageni wasipokuja."

Haoshi bodi, haoshi vioo. Yeye ni wa chini tu: kapeti, zile za kuweka na kutoa, na zulia lenyewe lililogandishwa kwenye sakafu ya gari.

"Watu hutazama juu," anasema huku akivuta kapeti nne za mwalimu na kuzitandika juani. "Lakini gari linaishi chini. Chini ndiko nyumba yote inakoshuka. Makombo, nywele, shilingi, siri za watu. Mimi nikiinua kapeti najua nani ana mtoto mdogo, nani anakula akiendesha, na nani alimwambia mkewe ameacha sigara."

Anayaeleza hayo bila kusimamisha mikono. Kwanza anazikung'uta kapeti ukutani, kisha anazipiga kwa fimbo mpaka vumbi linaisha kutoka. Anapitisha mashine ya kufyonza vumbi, ya mitumba, inayolia kama inalalamikia wakwe. Pale penye maziwa ananyunyiza soda ya unga ya jikoni na kuiacha inywe harufu. Sabuni anaipiga ndani ya beseni mpaka povu linasimama, na ni povu hilo tu linalokwenda kwenye zulia. Maji hayaendi.

"Hapo ndipo wengi wanaharibu. Chini ya zulia la gari kuna sponji. Ukimwaga maji, juu panakauka, chini panabaki bwawa. Baada ya siku nne gari linanuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni, na mwenyewe anaapa kwamba ameliosha."

Halafu kuna sheria ya tope, na hii anaitamka polepole zaidi.

"Tope halifutwi bichi. Ukilifuta bichi, unalipaka. Liache likauke kabisa, ndipo ulipige brashi. Kila kitu na wakati wake."

Chini ya banda la mabati, hatua kumi kutoka hapo anapofanyia kazi, limeegeshwa lile gari lake jeupe. Kwa miaka mitano lilikuwa kichekesho cha mtaa. Kapeti zake tatu zilikuwa safi kiasi cha kulalia mtoto. Ya nne, ya mbele upande wa abiria, ilikuwa na tope lililokauka na kuwa jeupe, na ukitazama vizuri uliona nyayo mbili za viatu vya kike.

"Kinyozi hajinyoi," wateja walimtania. Yeye alicheka nao na kubadili mazungumzo. Abiria akipanda alimpeleka kiti cha nyuma, hata akiwa peke yake, hata akiwa ni shemeji yake mwenye miguu mirefu.

Aliyejua sababu ni mtu mmoja, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mama mshonaji ambaye cherehani yake husikika uani kwa Fundi Brashi kutwa nzima.

Zile zilikuwa nyayo za mkewe.

Mkewe alikwenda ng'ambo kumtunza bibi kizee wa watu kwa mkataba wa miaka miwili. Asubuhi ya safari mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Masanduku yalikwisha pakiwa, gari linanguruma, ndipo mkewe akasikia maji yakimwagika uani. Fundi Brashi alikuwa ameacha bomba wazi. Akashuka, akazunguka nyuma ya nyumba na viatu vyake vya safari, akalifunga, akarudi, akapanda.

"Na mimi nikaanza," anasema Fundi Brashi. Anaiweka brashi chini. "Mama watoto, kung'uta viatu! Mama watoto, ona kapeti yangu! Niliisafisha jana! Njia nzima, ndugu yangu. Badala ya kumwambia mwenzangu nitakukosa, namwambia habari za kapeti. Naye anatazama dirishani. Tumefika uwanja wa ndege, muda umekwisha, tukaagana kama watu waliokutana benki."

Aliporudi nyumbani peke yake alichukua brashi amalizane na lile tope. Lilikuwa bichi bado. Akajiambia, ngoja likauke.

Lilipokauka hakuweza.

"Ningesema nini? Ndizo zilikuwa nyayo zake za mwisho hapa nyumbani. Mtu mzima, nafunga mlango wa gari, nakaa naziangalia. Namkumbuka mpaka mbavu zinauma."

Miaka miwili ikaisha. Mkewe akasaini mkataba wa pili, kisha wa tatu. Fedha zake zilipandisha paa la nyumba na kuwafikisha watoto wao wawili chuoni. Kila Jumapili walipigiana simu. Fundi Brashi alimuuliza kama amekula, kama baridi imepungua, kama yule bibi bado ni mkali. Hakumuuliza atarudi lini, hata siku moja.

Kwa nini? Anakuna kidevu kwa kidole chenye povu.

"Mimi ndiye niliyemwambia aende. Kampuni imenifungia, watoto wanataka ada, nikamwambia nenda mama, nitashika nyumba. Sasa mwanamume amtume mkewe kazini, kisha aanze kulia rudi, rudi? Nani atalipa chuo, povu?"

Ndivyo ilivyokuwa mpaka majuma matatu yaliyopita, siku ambayo mama mshonaji anaiita "siku ya msiba usio na maiti."

Siku hiyo fundi makenika alikuwa anakuja kurekebisha klachi ya gari jeupe. Makenika, kila mtu anajua, huingia garini na buti na oili yote ya dunia. Fundi Brashi akaona heri aiondoe ile kapeti kabla haijakanyagwa. Akaichukua kwa mikono miwili, kama mtu abebaye trei ya vikombe, akailaza kwenye benchi uani, kivulini, mbali na kila mtu.

Mbali na kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Ilikuwa zamu ya magari matatu, na moja kati ya hayo lilikuwa na kapeti za kijivu, rangi ile ile, ukubwa ule ule. Kapeti za wateja huziandika kwa chaki mgongoni ili zisichanganyike. Yake haikuwa na chaki, maana haikuwahi kuingia kwenye foleni ya kuoshwa.

Makenika akamwita aje kushika taa. Akaenda, akarudi, akakuta kapeti ya kijivu kwenye benchi, akadhani ni ya mteja. Tope limekauka vizuri, linataka brashi. Akaipiga brashi. Akaipaka povu. Akaisugua kwa upande mmoja, kama anavyofanya siku zote, akilini akihesabu kazi zilizobaki.

Kidole gumba ndicho kilichomwambia. Kwenye pembe ya kapeti ile kulikuwa na uzi mnene wa buluu, ambao mama mshonaji aliushona zamani ukingo ulipofumuka. Alipougusa chini ya povu, mkono ukasimama.

"Nilimsikia kutoka kwangu," anasimulia mama mshonaji, ambaye amekuja kuegemea ukuta na futi yake shingoni. "Sauti moja tu, 'Aa!' Nikadhani kajikata. Nakuja, namkuta kapindua beseni, kakaa chini kwenye maji, kaipakata kapeti. Maji ya kahawia yanakwenda mferejini, na yeye anayazuia kwa kiganja. Kwa kiganja, jamani!"

"Usiniseme mbele za watu," Fundi Brashi analalamika.

"Nakusema. Nilimwambia, shemeji, maji yakimwagika hayazoleki. Akalia. Nikamwacha alie, kisha nikamuuliza: hivi unalilia tope au unamlilia mwenyewe? Kama ni mwenyewe, ana simu. Kuuliza si ujinga."

Hakungoja Jumapili. Alipiga pale pale, mikono ikiwa na sabuni, simu ikimteleza. Ng'ambo mkewe alikuwa anamlisha bibi uji, akashtuka. "Kuna nini? Watoto?"

"Watoto wazima. Mama watoto, nimeosha kapeti yako."

"Kapeti gani?"

Akamweleza yote, tangu bomba. Akamwomba radhi kwa maneno ya garini, miaka mitano baadaye.

"Kumbe ulilitunza lile tope?" mkewe akasema. "Na mimi nilivyokasirika, nilivivua vile viatu uwanjani nikavifuta kwa hasira. Nikasema huyu, kapeti ndiyo mkewe."

Wakacheka wote wawili, na kicheko hakikukaa sana. Ndipo akauliza. Anasema lilimtoka kama mfupa uliokwama kooni.

"Mama watoto, unarudi lini?"

Anaponukuu jibu la mkewe, Fundi Brashi anatazama pembeni, kule kwenye banda.

"Aliniambia, 'Baba watoto, miaka mitano unaniuliza kama nimekula. Kila Jumapili nangoja uniulize hilo, huulizi. Nikajua umeshanizoea huku. Kila mkataba ukija nasema, nani ananingoja? Nasaini. Huu unaisha mwezi wa nane, na wameshaniletea karatasi za mwingine. Ziko mezani hapa.'"

"Nikamwambia usisaini. Nikamwambia mtoto mmoja anamaliza mwaka huu, wa pili tutambeba kwa povu hili hili. Nikamwambia nyumba ina paa lakini haina mtu. Sijui hayo maneno yalikuwa wapi siku zote."

Mkewe aliomba amalize kumlisha bibi kwanza. Jumapili iliyofuata akamtumia picha, karatasi za mkataba juu ya meza, na mahali pa sahihi peupe. Picha hiyo fundi anamwonyesha kila anayekaa naye zaidi ya dakika tano, na mama mshonaji anadai ameiona mara thelathini.

Nje jua limepanda. Kapeti za mwalimu zimekwisha suguliwa povu mara mbili, zimekandamizwa kwa taulo kuukuu, na sasa zinaning'inia kwenye kamba. Harufu ya maziwa imepungua, ingawa fundi akiinama anaisikia bado na kutikisa kichwa. Jumatatu si mchezo, anasema.

Kapeti yenye uzi wa buluu imerudi mahali pake, mbele upande wa abiria. Ni safi kuliko zote. Abiria bado hupelekwa nyuma.

Mwezi wa nane haujafika, na Fundi Brashi si mtu wa kushangilia kabla ya ndege kutua. Amekuwa akiwaza njia ya kutoka uwanjani hadi nyumbani na atakayosema humo garini, maana safari iliyopita aliitumia vibaya. Mengine hajayapanga bado. Moja amelipanga.

"Itanyesha, haitanyesha, sijui," anasema, akirudi tena kulikaza bomba. "Lakini akija na tope, aingie nalo."