Abiria Asiyesafiri

Nilikohoa. Huo ndio ujinga wenyewe, na nausema mapema ili usidhani nakuzungusha. Sikuwa na mafua, sikuwa na korona, hata vumbi la Butembo lilikuwa limelazwa na mvua ya usiku. Nilikohoa makusudi, ndani ya basi lililosimama parkingi likingoja watu wa Beni, nikajikunja kama mzee wa kiko mpaka machozi yakanitoka. Kusema kweli, nilikohoa vizuri sana.

Lakini kwanza ujue nilikuwa natafuta nini mle ndani, maana sikuwa na safari ya Beni.

Ni wakati ule shule zilipofungwa. Ebola ilikuwa haijamaliza kufunga mizigo yake kwetu, korona nayo ikaingia, na vile vindoo vya maji ya klorini tulivyokuwa tumeanza kuvisahau vikapata kazi mpya. Kwa muda njia ilifungwa kwa abiria, yakapita magari ya bidhaa tu. Kabichi ilikuwa na ruhusa ya kwenda Beni, mimi sina. Halafu njia ikafunguliwa, lakini watu hawakurudi kwenye mabasi. Si kwamba walikosa safari. Mtu wa Butembo asiye na safari ya biashara huyo tayari ni mgonjwa. Walikuja parkingi, wakachungulia, wakaona basi tupu, wakasema watapita baadaye. Barabara ya Beni ina mambo mengine ya kuogopesha na hayo tulikuwa tumeyazoea. Hili la kuogopa mtu wa kiti cha pembeni lilikuwa geni. Hakuna aliyetaka kupanda wa kwanza. Basi tupu lilionekana kama lina siri.

Mama yangu ndiye aliyeuza tikiti za basi hilo, kwenye meza ndogo chini ya mwavuli uliopauka. Mwenye basi, patron, alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuja siku moja akalizunguka basi lake lote kama mtu anayekagua ng'ombe aliyekonda, kisha akamwambia mama kwamba mambo yakiendelea hivi atang'oa viti vyote, basi libebe kabichi za Kirumba mpaka Kasindi.

"Kabichi haiogope korona," alisema. "Na haina haja ya mutu wa kuiuzia tikiti."

Neno hilo la pili mama alilibeba mpaka nyumbani. Usiku huo alikula kidogo. Asubuhi akanitupia shati langu jeupe la kanisani.

"Vaa. Utaingia mu basi, utakaa ku dirisha, batu bakuone. Bakijaa, utashuka."

"Nishuke niende wapi?"

"Ushuke uende nyumbani, masufuria inakungoja."

Ujanja huo hakuubuni yeye. Tangu zamani, vijana wanaoitia abiria pale parkingi walikaa ndani ili basi lionekane linajaa. Lakini vijana wale wana macho mekundu na harufu ya sigara, na wakati wa korona watu walitaka uso wa afya. Mama akachagua uso wangu, akaongeza wa jirani yetu, mama mmoja wa kwaya, mwenye mashavu ambayo hakuna ugonjwa ungethubutu kuyagusa. Kazi ya jirani ilikuwa kumenya karanga na kucheka, kitambaa cha kuziba pua kikiwa kidevuni, mahali ambapo sisi wote tulikivaa.

Ikafanya kazi. Mtu alichungulia, akamwona mama wa kwaya na kijana mwenye shati jeupe, akatulia, akapanda. Wa pili akamfuata wa kwanza. Viti vikikaribia kujaa, jirani alikumbuka kwamba ameacha jiko linawaka, mimi nikakumbuka chochote. Hapo ndipo nilipoanza kujiharibu. Kushuka tu hivi hivi kulinichosha, kwa hiyo kila asubuhi nilijitungia safari. Siku moja nilikuwa naenda Beni kuchukua mbuzi wa mahari. Siku nyingine nilikuwa naingia seminari, mama mmoja akaniombea mpaka nikaona haya kushuka.

Asubuhi ya kikohozi, patron alikuwa amekwisha kutoa neno la mwisho: basi lisipoondoka kabla ya saa sita, viti vinatoka. Makanika wa kuving'oa alishafika. Alikaa juu ya sanduku lake la funguo za nati karibu na gurudumu la nyuma, anakula andazi, hana haraka. Mama alikuwa anamtazama zaidi kuliko alivyowatazama abiria.

Watu walikuja kidogo kidogo. Koko mmoja, bibi mzee mwenye kikapu cha mayai, alikaa mbele. Kando yangu akakaa baba mmoja mwenye kofia, muuza mbao, mtu wa maswali.

"Unaenda wapi, kijana?"

"Beni."

"Beni ni kubwa. Beni wapi?"

"Bungulu. Kwa mjomba."

Ningenyamaza hapo. Lakini ulimi wangu haujui kushuka mahali pafupi. Nikaongeza kwamba mjomba ana nyumba ya ghorofa, na mbele yake kuna duka la majeneza.

Yule baba akageuka mzima mzima. "Mimi naishi Bungulu. Ghorofa gani hiyo? Jeneza yote ya Bungulu banatengeneza na mbao yangu. Anaitwa nani, huyo mjomba?"

Nikatazama dirishani. Mama alikuwa anamuuzia mtu tikiti. Jirani aliacha kumenya.

"Nakuuliza, kijana. Anaitwa nani?"

Ndipo nikakohoa. Nilitaka aache kuuliza, basi. Akaacha. Akaacha na kiti pia. Alipita juu ya magoti ya watu na begi lake kichwani, na nyuma yake basi zima likamwagika nje kama maharagwe ya gunia lililopasuka. Koko tu alishuka polepole, kwa sababu ya mayai. Nikabaki mimi, na jirani aliyekuwa ananitazama kwa jicho la asubuhi ya Jumatatu.

Nje walikuwa wameizunguka meza.

"Turudishie franga yetu."

"Mnatuweka na bagonjwa, donc tufe tu?"

Konvuayeri, yule kijana wa mlangoni anayepanga abiria na mizigo, alikuja mbio na kile kibastola cha kupima joto. Akanielekezea kwenye paji la uso, akasoma kwa sauti. Sikuwa na homa.

"Hiyo kitu yenu hata jiwe utaipima itasema ni muzima," alisema muuza mbao. "Pima hii gurudumu, tuone."

Konvuayeri, sijui kwa nini, akapima gurudumu. Lilikuwa zima. Wawili watatu wakacheka, lakini hakuna aliyerudi ndani. Makanika alikuwa amemaliza andazi. Alifuta mikono kwenye suruali, akafungua sanduku, akatoa ufunguo mkubwa.

Koko wa mayai ndiye aliyeuliza, bila kelele. "Huyu mutoto ni wa nani?"

Mama alikuwa na njia ya kutoka. Angesema hanijui, wangenifukuza parkingi, abiria wangerudi, na mimi nisingemlaumu. Akisema ananijua, siri ya viti imeisha. Alimtazama makanika. Akanitazama mimi.

"Ni wangu," alisema. "Hana ugonjwa, iko na ujinga. Nilimuweka mu basi mimi mwenyewe, muone batu, mupande. Na huyu mama pia."

Jirani aliinua mkono dirishani, bado una karanga.

"Donc sisi tulikuwa samaki," alisema muuza mbao.

"Kama ningewaacha na basi tupu, mungepanda?"

Koko alikiegemeza kikapu tumboni. Kisha akasema, "Mimi nataka kufika Beni. Mama, kama mutoto ni wako na ni muzima, kaa kando yake. Mpaka Beni. Hakuna mama atakaa kando ya kikohozi cha kweli ili atudanganye tu."

Mama alichukua kitabu cha tikiti, akampa konvuayeri. Akakunja mwavuli. Akapanda, akaja mpaka kiti changu, akakaa pale alipokuwa amekaa muuza mbao, bega lake kwenye bega langu, akatazama mbele. Koko akafuata. Baada ya koko wakafuata wengine, si wote, lakini kiasi cha gari kuondoka bila aibu. Muuza mbao alipanda wa mwisho, akachagua kiti cha nyuma yetu. Jirani naye akaamua kubaki ndani. Alisema ana dada Beni, na kwa kuwa tayari amevaa vizuri, basi.

Tulipotoka kwenye lango, patron alikuwa anaingia na pikipiki. Alimwona muuza tikiti wake dirishani anasafiri. Nyuma yetu makanika alikuwa anarudisha ufunguo kwenye sanduku.

Mama hakunisemesha njia nzima. Tulipita mlima wa Kabasha na baridi yake. Kwenye kizuizi cha afya tulishuka wote kama kawaida, tukanawa maji ya klorini, tukapimwa, tukavuka kwa miguu, tukalikuta basi ng'ambo. Nilipopimwa aliegemea karibu kusoma namba mwenyewe. Muuza mbao ndiye aliyesema kwa ajili ya wote.

"Kijana, huyo mjomba, ghorofa yake iko na ngazi ngapi?"

"Baba, nisamehe."

"Hapana, nataka kumuuzia mbao."

Basi lote likacheka, na koko akanipitishia yai la kuchemsha. "Wasingya, koko," nilimshukuru kwa Kinande. Mama alilichukua mkononi mwangu akalimenya, akala yeye.

Beni tulifika mchana, jua kali. Muuza mbao aliniaga kwa kofia, akasema Bungulu wananingoja. Koko alimshika mama mkono, akaondoka na kikapu chake. Jirani alikwenda kumtafuta dada, ambaye kumbe alikuwepo kweli. Dereva akageuza gari, konvuayeri akaanza kuita: Butembo, Butembo. Watu walikuja. Walisimama mbali kidogo, wakachungulia basi tupu, wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake. Mama aliwatazama, akanigeukia, akaninyooshea kola ya shati, akanifuta begani kiini cha yai alilokula yeye, na kwa mara ya kwanza tangu Butembo akafungua kinywa.

"Panda. Kaa ku dirisha. Na wakikuuliza, unaenda kwenu."