Fundi Kabula na mashine iliyokataa ulezi

Saa moja na nusu asubuhi, Majengo, mjini Sumbawanga. Baridi bado imekaza, na foleni ya mashine ya kusaga ya Mama Bertha imejifunga vitenge mpaka masikioni. Kabula Mayunga, 36, amekaa juu ya gunia la pumba, kompyuta mapajani. Haangalii foleni. Foleni inamwangalia yeye.

"Fundi, leo itasaga au itasusa?" anauliza mama mmoja mwenye ndoo ya ulezi.

"Itasaga, mama. Ikisusa nasaga mimi kwa mkono."

Watu wanacheka. Kabula hacheki sana. Leo Jumamosi ndiyo siku ya mwisho aliyopewa. Mashine ikizimika tena kwenye ulezi, Mama Bertha anang'oa kidhibiti kipya cha mota na kurudisha swichi ya zamani. Kabula ataondoka bila kazi, na jina lake litabaki sokoni likichambuliwa.

Swichi ya zamani iliamsha mota kwa kishindo, kama mtu aliyemwagiwa maji ya Julai. Mota mbili ziliungua ndani ya mwaka. Kila moja ilipelekwa Mbeya kusukwa upya nyaya za ndani, mashine ikalala wiki mbili. Ndipo Kabula akamshawishi Mama Bertha anunue kidhibiti, boksi linaloongeza mwendo taratibu na kuilinda mota.

Ila boksi hilo halizaliwi na akili. Linafundishwa, na mwalimu ni Kabula.

"Ni visanduku unavyopanga kwenye kompyuta, sisi tunaviita bloku," anaeleza. "Kimoja kinapima umeme unaovutwa na mota, kingine kinalinganisha, kingine kinahesabu sekunde. Unaviunganisha kwa mistari, kila kimoja kinampasha mwenzake alichoona. Kama umbea wa mtaa, ila huu hauongezwi chumvi."

Kabula ni mtoto wa wafugaji waliohamia Rukwa kutoka Shinyanga akiwa na miaka saba. Baba yake aliuza madume mawili ya ng'ombe amlipie ada ya chuo cha ufundi. Wajomba wakasema mzee ametupa ng'ombe. Alianza kwa kuvuta nyaya kwenye nyumba za Chanji, shilingi elfu tano kwa siku, siku zikipatikana.

Kwenye mashine hii alipanga bloku ya kulinda mkanda. Mkanda ukikatika, mota inazunguka bure na umeme unashuka. Akaweka kikomo cha ampea kumi na nane: ukishuka chini yake kwa sekunde ishirini, zima.

Wiki tatu za mahindi, kimya. Ulezi ulipoanza kuja, mashine ikawa inazimika kila baada ya sekunde ishirini. Mtaani wakasema mashine ya Msukuma haili ulezi.

Kabula alibadilisha nyaya, akakagua mota, wapi. Alhamisi akafunga kompyuta, akasimama nyuma ya mzee Gaudensi, anayeendesha mashine hiyo mwaka wa ishirini na mbili.

"Mzee, mbona umebana hivyo kilango cha kumwagia nafaka?"

"Ulezi mdogo, binti. Ukiumwaga kama mahindi unatoka chengachenga. Kila Mfipa anajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unaongea na boksi."

"Nilipima mahindi tu. Kwetu ndiyo nafaka."

"Kwenu nafaka ni maziwa."

Jibu lilikuwa mkononi mwa mzee. Kilango kikibanwa, mota inavuta ampea kumi na tano tu, na bloku inadhani mkanda umekatika. Mkanda ukitolewa kweli, zinabaki kumi. Kabula akafunga kitufe cha kuzungusha, mahindi upande huu, ulezi upande ule, na kwa ulezi akashusha kikomo hadi kumi na mbili.

Sasa mzee Gaudensi anazungusha kitufe. Mota inapanda pole pole. Sekunde ishirini zinapita. Dakika inapita. Ndoo ya mama inaisha, unga umetoka laini.

Foleni inashangilia, lakini Kabula anazima mashine na kutoa mkanda.

"Inasaga, unaharibu nini tena?" Mama Bertha anauliza.

"Nataka uone kama bado inakulinda, mama."

Mota inawashwa bila mkanda. Watu wanahesabu kwa sauti. Kwenye ishirini, inajizima yenyewe.

Mama Bertha anatazama boksi, anatazama foleni. "Liache hapo hapo," anasema. "Na ile mashine yangu ya Milanzi, utaanza lini?"

"Sianzi na kompyuta. Nipe kwanza wiki nzima nikae na anayeiendesha."

Mpango wake mwingine uko hapa hapa Majengo. Anataka mzee Gaudensi, mwenye miaka 61 na ambaye hajawahi kugusa kompyuta, ajue kusoma bloku na kumwambia fundi alipokosea.

"Nitaiharibu," mzee anasema.

"Nitatengeneza. Jumatatu saa nane, watu wakipungua."

Mzee anajifuta unga mikononi, taratibu, kidole kwa kidole. "Saa saba," anasema. "Saa nane nasinzia."