Siku ya Tisa Bila Choo

Kiswahili cha kwetu kina adabu nyingi mno, na adabu hiyo karibu initoe roho. Nilikuwa na mimba ya miezi minane na ushee, naishi na mume wangu katika kambi ya polisi hapa Kampala, na kwa siku sita nilikuwa sijapata choo. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonifundisha kusema, huko magharibi mwa Kenya: kupata choo, kwenda haja, kujisaidia. Lile neno lenyewe, linaloandikwa na watoto watukutu kwenye kuta za shule, mke wa mtu halitamki.

Siku hiyo ya sita nilikwenda kliniki ya wajawazito. Muuguzi alikuwa mama mnene mcheshi, anawatania wenzangu kwa Kiganda mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwangu akakuta nimemkodolea macho tu. Kiingereza changu kinatosha kuuza blauzi za mitumba. Hakitoshi kueleza mambo ya ndani. Basi tukakutana kwenye Kiswahili, mimi na changu, yeye na chake.

"Sista," nikanong'ona, maana nyuma yangu benchi lilikuwa limejaa, "sijapata choo siku sita."

Alinitazama kwa huruma, akaniita bibi kwa Kiganda. "Siku sita, nnyabo? Sasa kwenu munajisaidia wapi?"

Nikadhani ndiyo namna yao ya kuuliza. "Sijisaidii kabisa, sista."

"Bambi! Pole sana!" Akafungua droo, akatoa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mti. "Choo iko pale nyuma. Mulango ya bluu. Usiogope, wewe enda."

Ningefanya nini? Kumwambia mbele ya wanawake wote wale kwamba choo ninachokizungumzia si kile chenye mlango? Niliuchukua ufunguo. Niliingia nikasimama nikitazama ukuta kwa muda wa heshima, nikamwaga maji ili isikike kwamba nimefanya la maana, nikamrudishia ufunguo wake na kumshukuru. Alifurahi kweli. Halafu akanivuta kope ya chini, akasema damu ni kidogo, akaniongezea vidonge vya damu. "Unakula kira siku. Umesikia?" Na vidonge hivyo ndivyo vilivyonifunga, nilikuwa nimeligundua hilo tangu wiki niliyoanza kuvimeza. Nikarudi nyumbani na pakiti mbili zaidi.

Msomaji atauliza kwa nini sikurudi kesho yake nikasema waziwazi. Nami nimejiuliza, kwa hasira, mara nyingi. Jibu lina historia.

Miaka mitatu kabla ya hapo nilikuwa na mimba ya kwanza. Ilipofika miezi minane, mtoto aliacha kucheza siku ya Jumanne. Mimi nikanyamaza mpaka Alhamisi. Mume wangu alikuwa ametumwa kazini nje ya nchi, na nyumbani nilikuwa na baba mkwe tu, mwanajeshi mstaafu aliyekuja kutoka kaskazini mwa nchi hii kukaa nasi baada ya kumzika mkewe. Kwetu, mke wa mwana na baba mkwe hawashikani mikono wala hawakai benchi moja. Mambo ya mwili ndiyo hata hayafikiriki. Mimi nilimwita Baba, yeye aliniita Mama, na hapo mazungumzo yetu yalikuwa yamekwisha. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba mwanao hachezi tumboni? Alhamisi nilianza kutoka damu, nikapoteza fahamu njiani kwenda hospitali, na nilipozinduka walikuwa wameshamzika mtoto. Majirani waliniambia nisiulize chochote, na mume wangu aliporudi naye hakutaja kitu. Lakini mimi nilijua ni nani aliyemuua mtoto yule. Nilimuua mimi, kwa haya zangu.

Kwa hiyo mimba hii ya pili niliilinda kama yai. Kila asubuhi, kabla sijafumbua macho, nilisubiri anipige teke moja ndipo niamke. Na bado, tazama ujinga wa binadamu, jambo la choo lilipokuja nikanyamaza tena. Nilijiambia hili si lile, hili ni tumbo tu.

Siku ya saba nilikula papai zima kutoka soko la Kalerwe. Ya nane nikanywa maji ya moto, nikameza mafuta ya kupikia kijiko baada ya kijiko, nikazunguka kambi hadi askari wa lango akaniuliza nimepoteza nini. Hakikutoka kitu. Chakula kilinichukiza, maana nilishindwa kuelewa kingeingia kikae wapi. Mume wangu akiniuliza mbona nakunja uso, nilisema ni kiungulia. Aliamini, akaenda zake Nakasero kulinda ofisi ya wakubwa, ambako wakiwa zamu simu huzimwa.

Siku ya tisa ilikuwa Jumapili. Niliamka nikasubiri teke langu, na halikuja. Nikalala ubavu wa kushoto, nikanywa chai yenye sukari nyingi, nikajipapasa. Kimya. Mume wangu alikuwa ameshaondoka, na majirani wote walikuwa kanisani. Aliyebaki ni baba mkwe, kwenye kiti chake mlangoni na redio yake, macho yake yameingia ukungu kiasi kwamba gazeti alilishika kwa mazoea tu.

Saa nne hivi tumbo likanikamata. Nilichukua kopo la maji na leso nikapita mbele yake nimeinamisha kichwa, nikaenda kwenye vyoo vya kambi: safu ya vibanda vya shimo, milango ya bati, jua limeshaanza kuyachemsha mabati. Nikachuchumaa, nikajikaza. Kulikuwa na kitu kigumu pale chini kama jiwe, hakitoki wala hakirudi. Nikajikaza tena mpaka nikaona nyota. Ndipo tumbo lote, la mbele, lile la mtoto, likawa gumu, na uzito ukashuka.

Niliacha kusukuma papo hapo. Kliniki walikuwa wametusimulia habari ya mwanamke aliyedhani anakwenda haja kubwa, kumbe mtoto ndiye anayekuja. Shimo lile lilikuwa chini yangu, jeusi, na nzi wake. Kama ni choo, nisiposukuma kingenipasua. Kama ni mtoto, nikisukuma ningemtupa shimoni kwa mikono yangu. Tena kama ni mtoto, mbona hachezi? Niliitandika leso juu ya tundu nikapiga magoti kando yake, nikishikilia mlango, jasho likinitoka hadi kwenye nyayo. Nikafungua mdomo kuita. Sauti haikutoka, maana wa kumwita alikuwa mmoja tu, na huyo hakuwa wa kuitwa.

Nikasikia mtu anakohoa nje. Alikohoa mara mbili, namna ya mwanamume anayetaka ajulikane kwamba yupo.

"Mama."

Nikauvuta mlango kwa nguvu zaidi.

"Mama, siku ngapi weye hapana kunya?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, shimo na mimi na kopo langu. Baba mkwe wangu! Lakini niseme ukweli: hakulitamka kwa matusi. Kiswahili chake alikipata jeshini akiwa kijana, kwa masajini, na masajini hawakumfundisha neno la pili. Kwake lilikuwa kama kusema kulala au kula.

"Mimi naona weye napita na maji kila siku, narudi na uso mubaya," akaendelea nyuma ya bati. "Porini sisi nakula mahindi kavu. Askari moja nafunga siku kumi, nakufa. Siku ngapi?"

Nikaziba mdomo kwa kiganja.

"Jibu!" akafoka, na ilikuwa amri ya gwaride.

"Tisa, Baba."

"Mtoto nacheza?"

"Tangu asubuhi hachezi." Na hapo nikalia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Akagonga bati mara moja kwa fimbo yake ya kutembelea. Halafu: "Hapana sukuma tena. Fungua mulango. Mimi naleta gari." Nikasikia fimbo yake ikikimbia kwenye changarawe. Mzee asiyeona vizuri, anakimbia.

Gari alilolipata lilikuwa pikapu ya doria. Dereva alikuwa akiiosha langoni. Walinipandisha mbele nikakaa kwa upande mmoja, maana kukaa sawa sikuweza. Baba mkwe alikataa katakata kukaa karibu yangu hata siku ile. Akapanda nyuma, kwenye benchi wanapowekwa washukiwa, peke yake, ameshikilia chuma, na njia nzima watu wa boda boda walimtazama wakijiuliza mzee wa watu kaiba nini. Kila shimo la barabara nililisikia hadi kwenye meno. Mkono wangu ulikuwa juu ya tumbo, nabonyeza, nangoja nijibiwe. Sikujibiwa.

Tulipofika kliniki, muuguzi wa zamu alikuwa yule yule wa ufunguo. Kabla sijafungua mdomo, baba mkwe alisimama katikati ya ukumbi, mbele ya kina mama na waume zao waliovaa nguo za Jumapili, akasema kwa sauti ya kuhutubia kikosi: "Huyu hapana kunya siku tisa! Na mtoto hapana cheza!"

Muuguzi akanitazama, akalitazama tumbo langu, akanitazama tena. Nikaona jambo likimwingia.

"Haaa," akasema polepole. "Nnyabo, kumbe ile siku ulisema hii?" Akanishika mkono mwenyewe, bila kucheka, akanipeleka kitandani akavuta pazia.

Hakuanza na choo. Alichukua kile kipembe chao cha kusikilizia, akakiweka upande wa kushoto wa tumbo, akainamisha sikio. Akakaa hivyo. Akakihamisha kulia. Akakishusha karibu na kinena. Nje mtoto wa mtu alikuwa analia. "Nyamazeni huko!" akapaza sauti, na uso wake ulikuwa umebadilika, ule ucheshi hauko. Nilimtazama kope zake. Nikasema moyoni, basi, na huyu nimemuua. Wawili. Nilianza hata kupanga nitakavyomwambia mume wangu.

Kidole cha muuguzi kikaanza kugonga ukingo wa kitanda. Kiligonga haraka haraka, sawasawa, bila kusita. Nilikitazama bila kuelewa, mpaka nikaelewa.

"Iko," akasema, na kichwa bado ameinamisha. "Moyo iko sawa kabisa." Kisha akavaa glavu, akanipima. "Mulango ya mtoto imefungwa. Amebanwa tu na mizigo yako."

Yaliyofuata sitayapamba. Glavu, mafuta, maji ya vuguvugu kwa mpira, na mkono wa mtu pale ambapo mkono wa mtu haujawahi kufika. Nilipiga kelele, nikamuita mama yangu, nikalitaja lile neno nisilopaswa kulitaja, tena zaidi ya mara moja, na muuguzi akaitikia, "Ndiyo, kabisa, endelea." Ilichukua karibu saa nzima. Mwishoni nililala ubavu, mtupu kama debe, natetemeka. Na hapo, chini ya mbavu za kulia, mtoto akajinyoosha akanipiga teke la nguvu. Nililia tena, safari hii kwa furaha, na muuguzi akanifuta uso kwa pindo la gauni lake. Akanibadilishia vidonge, akanipa vya kulainisha, akanikaripia kuhusu maji na ukimya.

Baba mkwe alikuwa kwenye benchi la nje, mwisho kabisa wa benchi. Nilitoka nikitembea kama bata, nikasimama. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nikakaa benchi hilo hilo, mwisho wa pili.

"Yuko hai, Baba."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshasikia, nadhani kliniki nzima ilikuwa imesikia. Halafu akasema, macho yake ya ukungu yakiwa ukutani:

"Mara ile ya kwanza, daktari naita mimi. Bwana yako iko mbali. Yeye nasema kamba ya kitovu kwisha funga shingo mara mbili. Mtoto kwisha kufa wakati weye bado jua. Hata kama weye nasema siku ile ile, kwisha."

Nilimgeukia. Nilisahau hata maumivu.

"Miaka mitatu, Baba? Miaka mitatu unajua, na mimi kila siku najihesabu muuaji?"

"Mimi baba mukwe," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi naanza wapi kusema maneno ya tumbo yako?"

Hasira ilinipanda. Nilitaka kumfokea yeye, na mume wangu, na majirani walioniambia nisiulize, na mama yangu na maneno yake safi. Sikumfokea. Niliuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza mtu yeyote.

"Alikuwa wa kiume au wa kike?"

Mzee akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Musichana," akasema. "Nywele mingi sana. Kama ya weye."