Mchumba Asiyelipwa na Serikali

Kosa nitakalolieleza ni kumpima msomi kwa jina la mwajiri wake. Huku kwetu Kibondo kosa hilo huvaa suti na kuketi mbele. Siku ya posa ya binti wa kaka yangu liliketi katika kiti cha kaka mwenyewe.

Kaka ni mwalimu mstaafu. Kwake yeye, shahada isiyomfikisha mtu serikalini ni mvua iliyonyesha ziwani. Mshenga, muuza vitenge kutoka Kasulu, alikwisha kunong'onezwa habari hiyo. Ndiyo maana alipoulizwa kazi ya kijana alijibu bila kupepesa macho:

"Ni mtumishi wa umma, mzee wangu."

Kaka akatabasamu. "Yuko ngazi gani ya mshahara?"

Mshenga hakuwahi kulipwa mshahara maishani mwake. "Ya juu kabisa. Hakuna aliye juu yake."

"Basi tumeletewa Katibu Mkuu Kiongozi!" akasema dada yetu, muuguzi wa hospitali ya serikali, na chumba kizima kikaangua kicheko. "Mshenga, sema kweli kabla hujamfikisha Ikulu."

Mshenga akaivua kofia yake, akajifuta jasho, akakiri. Kijana alikuwa na shahada ya sayansi ya chakula, ila aliajiriwa na mtu binafsi, katika kiwanda cha kusindika asali huko Kasulu.

Kaka akasimama. Mwenye binti akisimama kabla ya chakula, wageni hujua wamekataliwa. Kwenye mlango wa ndani niliona vidole vya binti vikilibana pazia.

"Keti, kaka," dada akasema. "Kuulizia ni kazi ya shangazi, nami nimekwenda Kasulu nikaulizia. Mimi niliporudi masomoni na stashahada, serikali ilinipandisha mshahara. Wodi ilikuwa ile ile, sindano zile zile. Cheti kilitosha, na sikukataa! Kijana huyu cheti kilimfikisha mlangoni tu. Tajiri alimwongeza mshahara baada ya kuona asali yake haichachi tena. Sasa wewe mwalimu, ni nani kati yetu aliyelipwa kwa kile alichojifunza?"

"Na kiwanda kikifungwa?" kaka akauliza, bado wima.

"Hapo sasa umeuliza swali la mzazi. Mimi pensheni yangu ina uhakika, ajira yake haina. Lakini kilichomo kichwani mwake tajiri hawezi kukitia kufuli. Mwite mwenye kuolewa."

Binti akaja, akapiga magoti. "Baba, namjua. Hatari ya kazi yake naijua pia. Mimi nami umenisomesha. Mzigo tutaubeba wawili."

Kaka akaweka miwani yake sawa, akamtazama. Mzazi aliyemsomesha mwanawe hana budi kuheshimu akili aliyoinunua, na hilo alilijua kuliko sisi sote. Akaketi.

"Leteni chakula," akasema. "Na mshenga, kwa uongo wako, faini: dumu la asali."

"La kiwandani au la serikali, mzee?" mshenga akauliza, na hata kaka akacheka hadi miwani ikamteleza.

Vigelegele vikapanda. Wageni walipotaka kujua wamshukuru nani, kaka, mtu asiyezoea kushindwa, akamwonyesha muuguzi aliyekwisha kuanza kupakua migebuka, samaki wa ziwani.

"Mshukuruni shangazi yake."