Vyuma vya Kapya

Wakati ule wa Zaïre, Kapya alijitengenezea kinga, baisikeli yake mwenyewe, kwa mabomba ya chuma, sababu baisikeli za duka zilivunjika chini ya magunia yake ya makala ya kupikia. Kwenda porini kuyachukua alipanda, kurudi Lubumbashi alisukuma. Kila pahali chuma kilipasuka, aliunga kingine juu, wala hakutoa hata kimoja.

Akawa anarudi amechoka mpaka anashindwa kula. Ngosa, muke wake, akaamua kumufuata.

Kwenye mupando wa kilima, Kapya akasimama.

"Baba Mukuka," Ngosa akamuita kwa jina la mutoto wao, "unasukuma makala ao unasukuma vyuma?"

"Acha, mama. Hii kinga haivunjike tena."

"Ndiyo. Sasa wewe njo utavunjika."

Wenye makala wenzake wakawapita, wanacheka: "Eh, Kapya! Hiyo train yako inakosa tu reli!"

Kapya akasukuma, kinga haikusogea. Tangu ujana hakukubali mutu amusaidie kusukuma. Ngosa akapita nyuma, akaweka mikono kwenye magunia.

"Nani amekuita?"

"Hakuna. Sukuma."

Kinga ikasogea. Kapya akaangalia mbele tu, lakini hakumufukuza.

Kesho yake, bila kuambia mutu, akashika musumeno, akakata vyuma viwili vya ile kinga.