Sindano na Jina la Baba Yake

Fundi huyu wa makochi wote walimwita Sindano, na si kwa ajili ya kushona tu. Alikuwa na ulimi unaochoma. Ila kwa watu wa ukoo wake alinyamaza miaka nenda miaka rudi, kinyongo kimemjaa moyoni.

Alikuwa binti mdogo baba yake alipofariki. Siku ya mazishi, waombolezaji hawajatawanyika, baba yake mdogo alisimama sebuleni akatangaza kuwa Sindano na kaka yake si damu ya ukoo. Mama yao aliwazaa nje. "Jina letu waliache hapa hapa," alisema. Wiki haikuisha, mama akafukuzwa nyumbani pamoja na wanawe wawili na cherehani yake. Akafa na fedheha ile, hakuna aliyemsafisha.

Baba mdogo akawa msemaji wa ukoo. Alijitapa kwamba jina lao liliachwa na wahunzi mashuhuri waliotoka mbali, na ili kuwanyamazisha wabishi akaamua ukoo upimwe DNA. Kazi ya kukusanya mate akampa binti yake, muuguzi, ambaye siku moja alimletea Sindano kiti cha kuvalishwa kitambaa kipya.

"Mwanamume hurithi alama fulani kwa baba yake, naye kwa babu, inashuka hivyo hivyo sambamba na jina," muuguzi alieleza, Sindano aking'oa misumari. "Wenye jina letu walioko mbali wameshapima. Sasa tutalinganisha."

Sindano akaweka koleo chini. "Mimi na kaka tupime pia."

"Baba hatapenda, dada."

"Sikumwomba apende."

Kaka yake, dereva wa lori, alikuwa mgumu. "Kidonda kimepona, unakitonesha cha nini?"

"Chako ndicho kilichopona. Tema mate."

Majibu yalipotoka, muuguzi alifika karakana macho mekundu. Sindano na kaka yake walikuwa wa baba mmoja mama mmoja, na alama ya kaka ililingana na ya wenye jina wote. Ya baba mdogo haikulingana na hata mmoja. Yeye na marehemu kaka yake, baba wa Sindano, walichangia mama tu, baba mbalimbali.

"Nakuomba, dada, yaishe hapa. Hata baba hajaambiwa."

Sindano alimhurumia binti. Huruma ile haikufika kwa baba yake.

Jumapili ukoo ulikutana sebule ile ile kusikia habari za wahunzi. Sindano akasimama kabla ya mwenyeji.

"Baba mdogo, siku ya mazishi ulisema sisi si damu. Leo kipimo chako kinasema ni damu. Yarudishe maneno yako."

Mzee alimtazama binti yake, binti akainamisha kichwa. Akajua kuna jambo. Akajikohoza. "Hawa ni watoto wa kaka yangu. Nilikosea."

"Na mama yetu?"

"Alikuwa mke mwema."

Watu wakashusha pumzi, wakidhani yamekwisha. Kaka alimvuta Sindano nguo akae. Hakukaa. Akawaeleza na yaliyobaki, polepole, kama mtu anayepigilia misumari, mpaka kila mmoja akaelewa ni nani pale ndani asiye wa jina lile. Mkuki kwa nguruwe.

Kaka yake alimnunia muda mrefu. "Alishakiri. Ungemwachia hapo."

"Mama je, nani alimwachia?"

Muuguzi alikuja kuchukua kiti chake. Alisimama mlangoni akauliza, "Sasa mimi niitwe nani?"

Swali hilo lilimkata Sindano maini, maana utotoni aliwahi kuliuliza akilia, kwa maneno yale yale. "Endelea na jina letu," akasema. "Mimi si baba yako."

Mzee naye siku hizi hupitia barabara ya nyuma ili asiione karakana. Sindano anajua, na moyo wake umetulia tuli.