Hadithi za Mchana

Harufu ya samadi mbichi hunirudisha shuleni hadi leo, hata nikiwa nimechoka kiasi cha kutotaka kurudishwa popote. Kila Jumamosi sisi wasichana tulichanganya samadi na udongo, tukasiriba sakafu ya darasa kwa viganja vyetu, na Jumatatu tulipoingia harufu ile ilikuwa bado imetanda, imechanganyika na vumbi la chaki. Shule yenyewe ilikuwa na vyumba viwili vya udongo katikati ya mashamba ya pamba, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kolandoto. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa darasa la nne, msichana pekee kati ya wanafunzi kumi na wawili wa darasa hilo, na mwisho wa mwaka ulikuwapo mtihani wa kwenda shule ya kati. Mvulana akishindwa alirudi kwenye pamba na ng'ombe. Mimi nikishindwa ningeolewa, maana nilikuwa na miaka kumi na miwili na tayari watu walikuwa wameanza kuniulizia kwa baba. Baba alikuwa amekubali kwa shingo upande nisome, baada ya mama kumbembeleza msimu mzima.

Mwalimu wetu aliitwa Petro. Alikuwa Msumbwa kutoka upande wa magharibi, mwembamba, mwenye koti moja na kikohozi kisichoisha. Alitufundisha hesabu kwa kitabu kilichojaa treni, stesheni na majora ya vitambaa, vitu ambavyo wengi wetu hatukuwahi kuviona, nasi tukawa tunamkodolea macho tu. Siku moja alikifunga, akashusha pumzi, akauliza, "Nani anamjua fisi?" Darasa zima likacheka. Basi akatuambia kwamba fisi, sungura na kobe wameiba vipande kumi na saba vya nyama na wanataka kugawana sawasawa. Kila mmoja atapata vingapi, na fisi atang'ang'ania vingapi vitakavyobaki? Wenzangu ambao kwa miaka mitatu hawakujua baki ni nini walinyoosha mikono yote miwili.

Kutoka hapo hatukushikika. Alituletea yule mtu aliyefika mtoni na fisi, mbuzi na mzigo wa majani ya viazi, na mtumbwi uliomtosha yeye na kitu kimoja tu. Akimwacha fisi na mbuzi, mbuzi ameliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yamekwisha. Tulibishana mpaka saa sita mchana, tukasukumana, mmoja akalia. Mwishowe niligundua mimi kwamba lazima avushe mbuzi kwanza, kisha akishavusha fisi amrudishe mbuzi alikotoka, apeleke majani, ndipo amfuate tena mbuzi wake. Mwalimu akaniambia, "Umeona, Minza? Wengi hawathubutu kurudi nyuma." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Lakini kwetu hadithi zilikuwa za jioni, ng'ombe wakishaingia zizini. Kumtaja fisi wa hadithini jua likiwa juu, na mifugo ingali porini, kulikuwa kuitakia mabaya. Sijui kama Mwalimu Petro alilijua hilo. Sisi tulilijua, tukanyamaza, kwa sababu tulikuwa tumeanza kupata alama za vema. Aliyeitoa siri ni mimi. Alasiri moja nilikuwa nabangua karanga na mama, nikapanga maganda chini kuonyesha mto, fisi huku, mbuzi kule. Mama alinikatiza. "Minza, jua hilo bado liko juu." Baba alikuwa kando, anachonga mpini wa jembe. Akauliza nani amenifundisha. Nikamjibu kwa maringo kabisa, "Mwalimu, baba. Ndiyo hesabu yetu ya kila siku."

Siku tatu baadaye mtamba wetu hakurudi na wenzake. Asubuhi yake majirani wote walitoka kumtafuta, kama ilivyo desturi, wakamkuta amebaki mbavu na kipande cha ngozi, na nyayo za fisi zimezunguka kila mahali. Baba hakufoka. Laiti angefoka. Alisema tu, "Mmemwita mchana, naye amekuja," kisha akanipa jembe na kunionyesha tuta la kuanzia.

Siku ya sita tangu niache kwenda shule, Mwalimu alikuja nyumbani akisukuma baiskeli yake. "Mwadila, Baba Minza," alisalimu kwa Kisukuma, na baba akaitikia vivyo hivyo. Mama alimletea kigoda, nami nikajibanza nyuma ya ukuta. Alimpa baba pole ya mtamba, tena pole ya kweli, halafu akaeleza kwamba mtihani ulikuwa umebakiza wiki sita. "Bado hatujaanza sehemu, mzee wangu, nusu na robo na nyinginezo. Bila hizi hadithi sijui nitawafikishaje."

"Wafikishe upendavyo," baba alisema. "Watoto wa watu si wangu. Ila Minza atarudi siku hadithi zitakapokoma."

Wazazi wengine walikuwa hawajasema neno. Mwalimu angeweza kupanda baiskeli yake, akaendelea na wale kumi na mmoja, na mimi nikabaki na jembe langu. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza angeipata. Alikohoa, akasema, "Zitakoma kesho."

Nikarudi, na treni zikarudi. Wiki zile sita zilikuwa ndefu kuliko miaka yote niliyosoma. Mwalimu aliandika sehemu ubaoni, tukazinakili, hakuna aliyebishana wala kusukumana, na wavulana waliokuwa wameamka walisinzia tena. Mimi kichwani nilimpa fisi paja la ng'ombe, nikampa sungura robo yake, nikamkatia kobe nusu ya robo, na kila hesabu ikajipanga vizuri. Wenzangu walinitazama wakashangaa ninapataje. Nilitaka kuwaambia. Niliogopa habari isije ikamfikia baba, basi nikakaa kimya.

Nilifaulu peke yangu. Baba alisomewa barua na karani wa chama cha pamba, akarudi akitabasamu, jambo la nadra kwake. "Umeona? Hesabu haikumhitaji fisi." Nikamjibu, "Ndiyo, baba." Wakubwa wake walimlaumu Mwalimu kwa matokeo yale, akahamishwa kabla ya mvua. Nilimwona akipita na sanduku nyuma ya baiskeli, nikajificha kwenye mtama mpaka kikohozi chake kikapotea.

Baadaye nami nikawa mwalimu, nikafundisha Katoro na Geita mpaka magoti yakakataa. Fisi nilimtaja saa nne asubuhi, na hakuna mzazi aliyekuja kulalamika. Wengi walikuwa wachimbaji wa dhahabu waliotoka mbali na hawakuwa na hata mbuzi. Watu walinisifu kwa mbinu zangu, nami nilizipokea sifa zote kimya kimya. Siku hizi naishi Kalangalala, hapa hapa Geita, kwa mjukuu wangu, naye ni mwalimu. Juzi alirudi kutoka kwenye semina amechangamka, akanionyesha kwenye simu yake namna mpya ya kufundisha hesabu kwa hadithi. Watoto wa sasa wana madawati, wana vitabu vyenye picha za rangi, wana kila kitu, na mimi sikufurahi wala sikuona wivu. Nilichoka tu. Akaniuliza, "Bibi, enzi zenu mlikuwa na kitu kama hiki?" Nikamtajia Mwalimu Petro, mara ya kwanza kwa mtu yeyote. Kisha nikamwambia kwamba tulikuwa kumi na wawili, kwamba alinichagua mimi, na kwamba sikufungua mdomo kwa hata mmoja wa wale kumi na mmoja.